Nimestaafu Uchumba wa Mwanajeshi

Nimestaafu. Kazi niliyoacha haina pensheni, haina sherehe ya kuagwa, na hakuna bosi aliyesimama kunishukuru kwa utumishi wangu. Nilikuwa mchumba wa mwanajeshi aliyepelekwa vitani. Vyeo sitavitaja, kwa sababu kazi hii unaingia mchumba na ukizubaa unatoka mchumba. Mshahara nao sitautaja, nisije nikacheka mtoto akaamka.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi sasa, hasa Zena, binti wa jirani yetu, ambaye mchumba wake ameondoka juzi kwenda mafunzoni na tayari ameshabadilisha picha kwenye simu akaweka kofia ya jeshi. Zena mdogo wangu, nakupenda, ndiyo maana nakuandikia. Nimesoma mpaka kidato cha nne, kubembeleza sijui, na hasira zangu bado hazijapoa. Soma hivyo hivyo.

Nianze na siku ya kwanza. Shabani alikuja hapa kisiwani akitokea kwao Bungu, yuko likizo, kumsaidia mjomba wake Mzee Mkumba kupakia boriti. Mzee Mkumba mnamjua, ndiye mwenye kibali cha kukata mikoko upande wetu, na rundo lake la boriti ndilo lile lililoko dikoni, pale boti zinapotia nanga. Mimi nilikuwa nimekaa na wenzangu tunamenya kamba. Shabani akapita na boriti mbili begani, akaniangalia, akajikwaa, boriti moja ikaangukia beseni la Bi Tatu. Bi Tatu ni somo yangu, ndiye aliyenifunda. Akamtazama yule kijana kuanzia kichwani hadi miguuni, akaniambia bila kupunguza sauti, "Huyu mabega anayo. Macho hana." Ilikuwa tathmini ya kitaalamu kabisa. Sikuizingatia.

Alikaa likizo nzima. Alisema atanioa, atamleta mama yake atoke Bungu, ataleta mshenga, ataleta kila kitu. Kisha simu ikaita, akatakiwa arudi kambini, na baada ya hapo nikasikia wamepelekwa nje, nchi ya watu, kulinda amani mahali ambapo wenyewe kwa wenyewe wanapigana. Baba akasema tusubiri, vita si jambo la mtu kupenda. Mimi nikasema sawa. Nilikuwa sijajua bado kama sisubiri peke yangu, tunasubiri wawili, mmoja yuko tumboni.

Sasa vifaa. Kifaa cha kwanza ni simu, hilo mnalijua. Kifaa cha pili ni rundo la boriti la Mzee Mkumba. Kisiwani kwetu mtandao haushuki chini. Ukisimama kwenye tope hupati kitu, ukisimama mlangoni kwako hupati kitu, lakini ukipanda juu ya boriti zikiwa zimepangwa vizuri, simu inaamka na kuanza kutetemeka. Ndiyo maana boriti zikiuzwa na mtandao unauzwa. Kuna wakati alikuja mnunuzi akabeba korija zote, mafungu yote ya boriti ishirini ishirini, na mimi nilikuwa nakaribia kujifungua. Nikakaa bila habari za vita mpaka Mzee Mkumba alipokata nyingine. Wengine vita vyao vinakatizwa na usuluhishi. Vyangu vilikatizwa na mnunuzi wa miti.

Kifaa cha tatu ni kikombe cha bati. Shabani alikuwa hapendi kuandika, alipenda kurekodi sauti, na spika ya simu yangu ilikuwa imeingia maji ya chumvi. Ukiitia simu ndani ya kikombe cha bati, sauti inakuzwa. Ubaya wake inakuzwa kwa kila mtu. Juu ya boriti niko mimi na kikombe, chini wapo akina mama wanamenya kamba, wapo wanaume wanashona nyavu, na wote wanaacha kazi.

Kikombe kikasema, "Laazizi wangu, nakuongelesha nikiwa ndani ya handaki. Milima imetuzunguka, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Jana risasi zilipita juu ya kofia yangu, na kila moja ilipopita niliisikia ikitaja jina lako."

Mama mmoja akafuta machozi kwa mkono wenye magamba ya kamba, akajitia chumvi machoni, akalia zaidi. Bi Tatu akaendelea kumenya.

"Risasi zinalijua jina lako," akasema. "Mama yake je, analijua?"

Nikamwambia, "Somo, yuko vitani."

"Nimesikia. Nauliza la mama yake."

Niwaambie jambo kuhusu walimu wa kazi. Mwalimu mzuri hakugombezi. Anauliza swali moja halafu anakuacha nalo, linakuwasha mgongoni mahali usipofikia. Bi Tatu aliolewa mara tatu, mume mmoja alikuwa baharia, na anasema kila mwanamume aliye mbali ni mtamu, utamu unaingia humo humo kwenye umbali.

Nilipojifungua nilipanda boriti na mtoto bado hajafikisha arobaini, nikamrekodia Shabani: ni mtoto wa kike, mzima, tumemwita Rehema, jina la bibi yangu. Majibu yakaja. "Alhamdulillahi. Mwambie komandoo wangu baba yake anapigana kwa ajili yake. Mwambie awe jasiri, asilie hovyo." Nikarekodi tena: Shabani, ni msichana, anaitwa Rehema. Akajibu, "Nimekuelewa laazizi. Mlindie baba yake huyo komandoo." Nikafikiri mabomu yamemharibia masikio. Nikamsamehe. Kazi hii ina masaa mengi ya kusamehe na hayaandikwi popote.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu, maana bila hii mimi na ninyi tusingekuwa na la kuzungumza.

Mimi nilitaka kitu kimoja. Nilitaka ndoa kabla Rehema hajaanza kuongea, ili neno lake la kwanza lisije likawa swali. Baba yangu alikuwa hapiti tena njia ya msikitini, anazunguka kule kwenye minazi ili asiulizwe. Mama alikuwa ameacha kwenda arusi za watu. Hakuna aliyenifukuza nyumbani, lakini nyumba ilikuwa inaongea kwa sauti ya chini, na mkiwahi kuishi kwenye nyumba ya hivyo mnajua ni afadhali ugomvi.

Nikaenda kwa Maalimu Athumani, anayefungisha ndoa zetu hapa. Nikamwambia bwana yuko vitani, hajui atarudi lini, nifanyeje.

Maalimu ni mtu wa mzaha mkavu. Akasema, "Mwanangu, mume si lazima akae kwenye mkeka. Akiwa mbali anamweka wakili, wakili anapokea ndoa kwa niaba yake, na ndoa ni ndoa. Watu wameoa hivyo wakiwa melini. Anachotakiwa ni aseme kwa kinywa chake, mimi nisikie na mashahidi wawili wasikie: namuweka fulani awe wakili wangu nimuoe fulani. Basi."

"Akirekodi akatuma?"

"Kurekodi sitaki. Nitajuaje kama hajarekodi mtu mwingine, au hajarekodi akiwa amelala? Nataka nimuulize na anijibu."

Sentensi moja. Nilishuka kwa Maalimu naona kama nimeshaolewa. Mtu anayeweza kuzungumza dakika nzima kuhusu mbalamwezi juu ya handaki atashindwaje na sentensi moja?

Alishindwa. Nikamtumia maneno yenyewe, nimemwandikia kabisa, mjomba wako Mkumba yuko tayari, sema tu lini tukupigie. Akajibu kwa habari ya askari mwenzake aliyekufa mikononi mwake huku akimtaja mke wake. Nililia siku mbili, sikukumbuka hata kuuliza tena. Nilipokumbuka nikauliza, akasema hali ya usalama hairuhusu kuongea moja kwa moja. Nikauliza tena, akasema wakubwa hawajatoa ruhusa ya kuoa. Nikauliza tena, akasema, "Laazizi, usinipe presha, ngoja nijipange."

Wadogo zangu, mkisikia neno kujipanga, fungueni macho. Mzee Mkumba anapanga boriti mia kabla ya chai. Kijana wa siku hizi anajipanga yeye mwenyewe, mtu mmoja, na hamalizi.

Kisha vita vikaanza kubadilika. Mimi ndiye niliyekuwa navisikiliza kila wiki kwenye kikombe, nilikuwa navijua vita vile kuliko watangazaji. Mwanzoni nyuma ya sauti yake kulikuwa na upepo, ule wa mlimani, mkavu. Ramadhani ilipoanza upepo ukaisha. Baridi nayo ikaisha. Akaanza kulalamikia jasho na mbu. Nikajisemea wamehamishwa, jeshi linahama. Siku moja akiwa katikati ya maneno, "Laazizi, kifo kinatunyemelea," jogoo akawika.

Bi Tatu akasimamisha kisu. "Vita vyenu vinafuga?"

"Askari nao wanakula, somo."

"Wanakula. Sijakataa. Nasema anawika kama wa nyumbani, kashiba."

Wiki nyingine mvua ikanyesha kwetu usiku kucha, ile ya kubomoa vyoo, na asubuhi Shabani akatuma sauti akisema handaki limejaa maji kwa mvua ya jana usiku. Nikaona jinsi Mungu alivyotuunganisha, mvua moja inanyesha juu yetu sote. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno hayo, nikiwa nimesimama juu ya boriti za mjomba wake. Alikawia sana kujibu.

Mwisho Maalimu mwenyewe ndiye aliyechoka. Akamwita Mzee Mkumba, akamwambia, "Mpwa wako ana maneno mengi kwenye kikombe na hana hata moja kwangu. Mwambie Ijumaa baada ya swala tunampigia. Kama risasi zinapita, azipishe kidogo." Mzee Mkumba akapanda boriti akamtumia ujumbe yeye mwenyewe, na kwa kuwa ni mjomba, Shabani hakuweza kusema usalama hauruhusu. Akajibu, "Sawa mjomba. Nitajitahidi kujificha mahali."

Ijumaa hiyo diko lilijaa. Maalimu alikuwa amesema hatapanda boriti na kanzu yake nyeupe, lakini mtandao haukuja chini kwa heshima ya kanzu, ikabidi apande. Mzee Mkumba akamshika mkono huku, shahidi mmoja akamshika huku, shahidi wa pili akashika kikombe. Mimi nilisimama chini na Rehema mgongoni, kwa sababu si desturi mwanamke kusimama na wanaume ndoa ikipangwa. Baba alikuja pia. Alisimama mbali, lakini alikuja, na alipita njia ya msikitini.

Simu ikaita kwa intaneti. Akapokea.

"Asalaam aleikum," Maalimu akasema.

"Waaleikum salaam," Shabani akajibu kwa kunong'ona. "Sheikh, nipo mafichoni. Adui yuko karibu sana. Mkisikia nimekata, mniombee."

Akina mama wakashika vifua. Maalimu akasema, "Tutafanya haraka basi. Wewe ni Shabani, mpwa wa Mkumba?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Una akili zako, hujalazimishwa na mtu?"

"Hapana Sheikh. Ninalazimishwa na mapenzi tu."

"Hayo mengine baadaye. Nani wakili wako?"

Shabani akavuta pumzi. Na pale alipovuta pumzi, ndani ya kikombe cha bati, kwa sauti iliyokuzwa kwa ajili ya diko zima, tukasikia kopo linagongwa mara tatu, na mtu mwenye koo la mchanga anapaza sauti:

"Korosho za Bungu! Kaanga ya leo! Ya jana nimekula mwenyewe!"

Niwaeleze, kama kuna asiyemjua. Yule mzee anauza korosho pale Bungu barabarani, mabasi ya kusini yanaposimama. Kila mtu wa huku aliyewahi kwenda Dar au Kibiti amepita mbele ya kopo lake. Watoto wetu wanacheza mchezo wa kumuigiza. Duniani kote yuko mmoja, na haondoki pale kwa sababu mguu wake mmoja ni mbovu.

Maalimu alikuwa bado ameinamia kikombe.

"Mwanangu," akasema taratibu, "adui anauza shilingi ngapi?"

"Sheikh... hizo ni... kuna wakimbizi hapa, Sheikh. Wanapiga kelele."

"Wakimbizi wa Bungu."

Mzee Mkumba akakichukua kikombe. Hakupandisha sauti. "Shabani. Mimi mjomba wako. Uko kwa dada yangu?"

Kopo likagongwa tena huko. Kisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu likizo ile, Shabani akasema:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Vita vimeisha lini?"

"Sisi tulirudi kabla ya Ramadhani, mjomba. Nilikuwa najipanga."

Kikosi kizima kilijipanga siku moja kikapanda ndege kikarudi. Yeye mmoja alikuwa bado. Mama yake alikuwa anampikia, anamfulia, na akitaka kwenda vitani anasogea nyuma ya kibanda cha chipsi, anawasha simu. Siku hiyo maji ya mvua yalikuwa yamefurika nyuma ya kibanda, akasogea mbele kwenye barabara. Baadaye alisema hilo ndilo kosa lake. Hilo tu.

Watu walitaka kucheka, nikawaona wanajizuia kwa ajili ya baba yangu. Bi Tatu hakujizuia. Alicheka mpaka akakalia beseni. Maalimu akarudisha kikombe mdomoni akasema, "Sikiliza. Wakili ni wa aliye mbali. Aliye Bungu hahitaji wakili, anahitaji pikipiki mpaka Nyamisati na boti mpaka hapa. Njoo ukae kwenye mkeka mwenyewe. Mkeka tunao."

Alikuja. Hilo nimpe. Baba aliniuliza kama bado namtaka, nikasema, baba, mimi ninataka ndoa. Nilijibu swali lingine, ila wakati ule sikujua. Mama akaamka alfajiri akawasha moto, majirani wakaleta masufuria, pilau ikapikwa.

Shabani alikuja amevaa sare kamili, buti zimeng'arishwa, begi mgongoni, na alikuja maji yakiwa yametoka, bahari imekupwa. Mtu wa Bungu ni mtu wa lami, hajui kuuliza maji. Boti ikakwama mbali, mwenye boti akamwambia subiri maji yajae, yeye akaona aibu kusubiri mbele ya watu, akashuka. Mnajua tope letu. Ukipita haraka na miguu mitupu linakuvumilia. Ukisimama limekuoa.

Akasimama ili atupungie mkono.

"Usisimame, askari," mama mmoja akamwambia kutoka ukingoni. "Ukisimama tunakuhesabu mkoko."

"Mwacheni, ana mafunzo," mwingine akasema.

"Tembea kwa magoti, baba. Hata vitani si mnatambaa?"

Alifika bila buti. Ziko kule kule mpaka leo, na watoto wanasema kaa wamehamia. Mzee Mkumba akamwagia maji miguu, akampa kanzu yake, fupi kidogo. Baada ya hapo akatandikiwa mkeka uani kwetu, wanaume wakakaa, na mimi nikawa chumbani na Bi Tatu, nimejifunika khanga, nasikia kila kitu kwa sababu ukuta wetu ni udongo na fito.

Nilidhani ataona haya. Nilidhani atakaa kimya. Dakika chache tu nikasikia, "Basi milima imetuzunguka, baridi inapenya mpaka kwenye mifupa..." Yale yale. Neno kwa neno. Na wanaume wanasema ah, na wanasema kweli, na mmoja anauliza risasi inasikikaje. Alikuwa ameshakuwa shujaa tena, kwenye kanzu ya kuazima, miguu bado ina tope kwenye kucha.

Rehema akaanza kulia. Mama yangu akambeba akampeleka uani, nadhani alitaka mtu yule aone alichokifanya. Shabani akasema kwa furaha, "Huyu hapa! Komandoo wangu! Leteni nimbebe." Nikasikia akimrusharusha, mtoto ananyamaza kwa mshangao. Na kisha akauliza, kawaida tu, kama unavyomuuliza abiria mwenzio:

"Jina lake nani vile?"

Bi Tatu aliniangalia. Safari hii hata swali hakuniachia. Alinisogezea tu khanga usoni, ilikuwa imeshuka.

Maalimu akaja mlangoni na mashahidi wake wawili. Hii ni sehemu ya kazi ambayo hamuambiwi mapema, nawaambia mimi. Akasema, "Mwanangu, msichana ambaye hajaguswa na ndoa wala uzazi, nikimuuliza akinyamaza nahesabu amekubali, aibu imemshika. Wewe una mtoto. Kwako sitaki kimya. Nataka nisikie sauti yako. Je, umeridhia nikuoze kwa Shabani?"

Miezi yote ile yeye ndiye alikuwa anaongea. Mimi nilipanda, nikashika kikombe, nikasikiliza, nikalia, nikasamehe, nikashuka. Sasa nikaulizwa mimi, na nilitakiwa neno moja tu.

"Hapana," nikasema.

Mashahidi wakaangaliana. Maalimu akakohoa. "Rudia, mashahidi wasije wakabishana."

"Hapana, Maalimu. Sijaridhia."

"Nimesikia," akasema, na akaondoka mlangoni bila haraka. Nikamsikia huko nje akiwaambia, "Bibi harusi hajaridhia. Ndoa hakuna." Kama mtu anayetangaza maji yamejaa.

Mama alilia. Shangazi mmoja akasema nimepata wazimu, na pilau je, imeshaiva. Bi Tatu akatoka, akafunua sufuria, akasema, "Pilau haijamkosea mtu," akaanza kupakua. Baba aliingia chumbani. Nilidhani atanipiga, hajawahi kunipiga lakini nilidhani ni leo. Akakaa chini ukutani, akavua kofia, akaniambia, "Ungesema kabla mama yako hajachukua mchele wote." Akakaa na mimi hapo mpaka alipoletewa sahani, akaisogeza katikati yetu tukala pamoja.

Shabani hakuweza kuondoka kwa hasira, maana maji yalikuwa bado yametoka. Ilibidi akae. Alikula pilau ya harusi yake akiwa mgeni. Alijaribu kuja dirishani, akaniambia, "Laazizi, mimi nilikuwa najipanga kwa ajili yako."

Nikamwambia, "Endelea. Usiharakishe."

Maji yalipojaa alipelekwa kwenye boti. Wanaume wawili walimsindikiza wakimwomba awamalizie ile ya handaki.

Sitawadanganya kama mambo yalikwisha hapo. Wapo wanaonipita bila salamu. Yupo anayesema nilipata mume nikamtupa kwa sababu ya jina, kama kwamba jina ni kitu cha ziada kama pambo la mlangoni. Baba anapita njia ya msikitini, watu wanamuuliza, anajibu, "Aliulizwa, akajibu," na anaendelea na safari yake. Mimi nina Rehema mgongoni, beseni la kamba mbele yangu, na hasira ninazozimaliza kidogo kidogo kwenye karatasi hii.

Zena, nakukabidhi kikombe. Kimebonyea upande mmoja, usikinyooshe, sauti inatoka vizuri zaidi hivyo. Mtu wako akituma maneno, usisikilize maneno, hayo sote tunayajua. Sikiliza kilichoko nyuma yake. Halafu muombe sentensi moja, fupi, ya maana, na usiombe mara ya pili. Juzi ulipopanda boriti tukaacha kumenya wote, tukatega masikio. Kulikuwa na filimbi na watu wanakimbia, miguu ikigonga chini kwa pamoja. Bi Tatu akasema huyo yuko kambini kweli, endelea naye kwa sasa.

Rehema ameanza kuongea. Neno lake la kwanza si lile nililoliogopa. Amesema "tope," akanyoosha kidole kule dikoni zilikobaki buti za baba yake, na hakuuliza kitu.